Kiwiko Changu cha Ilula

Nikinusa dawa ya kuchua, hata leo, kiwiko changu cha kulia kinashtuka. Jamani, ile dawa ilikuwa kali! Shangazi, aliyenilea pale Ilula, alinipaka kila asubuhi, kisha akanifunga mkono shingoni kwa kitenge. Fundo alilikaza kwa meno, maana mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja, haunyooki, tangu nimjue. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye mparachichi. Hospitalini Iringa walinifunga plasta, na walipoitoa mkono ukabaki mwembamba kama mwiko, haunyooki.

"Mfupa umeunga," alisema mama wa mazoezi ya viungo pale hospitalini. "Kilichokauka ni kiungo. Msuli hausukumi, mwanangu, unavuta tu. Wa mbele unakunja mkono, wa nyuma unanyoosha. Huyu wa nyuma amelala. Mkimbembeleza, haamki. Mpeni kazi."

Shangazi aliitikia vizuri sana. Tulipofika nyumbani akachukua kitenge. "Ukilia usiku, yeye yupo?"

Mimi nilikuwa mbishi, na sijaacha. Nilijificha nyuma ya banda, navua kitenge, nabeba kidumu cha maji mpaka machozi yanatoka. Maumivu niliyaweza. Nilichoshindwa ni msimu wa nyanya: wenzangu wanakimbilia mabasi na mabakuli ya nyanya kuwauzia abiria, mimi naachiwa kulinda tenga. Kulinda tenga! Nani anaiba nyanya Ilula?

Siku moja basi likasimama mbele yangu, na abiria akaita dirishani. Nikavua kitenge hadharani, nikalishika bakuli kwa mkono wa kulia, nikainua. Kiwiko kikalia, ko!

"We mtoto! Utavunjika tena!" Shangazi alikuwa anakuja mbio.

"Umeshaunga, shangazi! Silindi tenga tena mimi!"

Nikanyoosha, nalia, nanyoosha, mpaka yule abiria akalipokea bakuli.

Nilisubiri kofi. Shangazi aliutazama mkono wangu, halafu akautazama wake. Jioni hakuleta kitenge. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kile kidumu chako unakificha wapi?"

Nimeelewa ukubwani. Naye alivunjika akiwa mtoto, mama yake akamfunga kwa upendo uleule, na hakuna aliyemfundisha ubishi. Mkono wake haukunyooka. Alikuwa amechelewa mno. Lakini kidumu alikibeba kwa mkono huohuo hadi uzeeni, na ole wake aliyethubutu kumwambia apumzike.