Marehemu Alipofika Kwenye Matanga Yake

Siku ya pili ya matanga, marehemu aliingia sebuleni kwangu, akavua viatu mlangoni, akauliza ni nani aliyefariki.

Nitayaeleza mambo kwa utaratibu wake.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilipokea barua pepe ya mtu aliyejiita wakili. Alisema tajiri mmoja, mwenye jina la ukoo kama langu, amefariki bila mrithi. Aliambatisha picha yake. Nilitakiwa kutuma ada ya kufungulia mirathi, na fedha nilikuwa nazo: zile za kumtibu mke wangu mtoto wa jicho.

"Baba, hapo unaliwa mchana kweupe," binti yangu alisema.

"Tapeli hawezi kuandika kwa adabu namna hii."

"Matapeli ndio wenye adabu, baba!"

Hata hivyo sikutuma. Si kwa werevu, nakiri. Nililelewa kwamba mtu hagusi mali ya marehemu kabla ya kumlilia. Nikamwomba wakili asubiri siku tatu. Nikaikuza picha, nikaitundika sebuleni, nikawaita majirani.

Jirani yangu mwuza mkaa alilia hadi akashikwa na kwikwi.

"Kwani ulimjua?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Lakini ana uso wa mtu mwema."

Kesho yake ndipo alipoingia yule mtu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, jasho likimtiririka.

"Shikamooni. Tangu jana wateja walioiona picha yangu hapa wanampigia mke wangu simu za pole. Nani ameniua?"

Mwuza mkaa akaruka dirisha.

Mke wangu, ambaye picha ile aliiona kama ukungu tu, akageuza kichwa. "Huyo si fundi cherehani wa sokoni? Sauti hiyo naijua. Gauni langu analo tangu mwaka jana."

"Nitalileta, mama," marehemu akajibu kwa unyonge.

Kumbe picha iliibwa katika tangazo lake la mtandaoni.

Nilimwandikia wakili kwa ukali kwamba marehemu yu hai, ameketi kwangu, anakunywa chai. Jibu halikuchukua dakika tano.

"Tunawapongeza. Ipo ada ndogo ya kumfuta katika daftari la wafu. Asipolipa leo, atabaki amekufa kisheria."

Fundi aliisoma mara mbili, kisha akaingiza mkono mfukoni.

"Ni kiasi gani, mwalimu?"

Binti yangu akanipokonya simu, akaizima.

Mke wangu alitibiwa juma lililofuata. Bandeji ilipoondolewa, alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi!"

Nawaasa ninyi msomao kwa macho mazima: barua tamu ikiwafikia, msomeeni kwa sauti mtu anayewapenda, na akisema hapana, mtiini.

Gauni bado tunalisubiri.