Nilimpeleka binti yangu karate ili asionewe tena, hadi leo kichwa hakijatulia

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Hapa chumvi sitii. Ningetaka kutia, ningejipamba mwenyewe kwanza.

Mimi ni fundi magari, niko Buyenzi. Nina binti wa miaka kumi na moja, Zuhura. Muhula huu alianza kurudi kutoka shule ana mikwaruzo mikononi, vifungo vya sare vimeng'oka.

Nikimuuliza nani amempiga, anakimbilia ndani kubadili sare.

Nikajua tu mwanangu anaonewa. Roho iliniuma sana.

Jumapili moja tukaangalia ile movie ya mtoto anayepigwa na wenzake, hadi mzee mmoja anamfundisha kupigana. Ile remake. (Ya zamani ni bora, msibishane na mimi.) Zuhura alilia mpaka kwikwi. Nikasema basi, ushahidi gani tena nautaka?

Kesho yake nikampeleka kwa mzee Idi, fundi cherehani anayefundisha karate alasiri uani kwake. Nikamwambia wanampiga, mfundishe naye awapige.

Mzee akamsimamisha na mwenzake, akawaambia wasukumane kidogo. Hata dakika mbili hazikuisha, akaniita pembeni.

"Baba Zuhura, mutoto yako hawamupigake. Ye ndiye anapiga."

Nikacheka. Kisha nikapandwa na hasira. "Umejuaje, mzee?"

"Mutoto mwenye wanapiga anaangaliaka mukono ya mwenzake. Ye ameangalia kwanza kama mi namuona."

Wakuu, nusura nimtukane.

Tukiwa njiani nikamuuliza Zuhura kwa nini alilia siku ile ya movie.

"Nililia juu ya ule mwenye alikuwa anapiga wenzake, papa. Mwishoni watu wote wanafurahi ye anapigwa."

Halafu, "Mi niko kama ye."

Nikasimama palepale njiani, nikamuuliza ni nani anampiga.

Akanitajia mtoto ambaye yeye humpiga: Belyse, wa darasa lao. Ile mikwaruzo ni kucha za Belyse akijitetea. Tukaenda kwao saa ileile, nimeshajiandaa kutukanwa.

Mama yake akafungua, akamwona Zuhura, uso ukachangamka.

"Aa, ni we Zuhura! Karibu, karibu. Belyse anatuambiaka we ndiye rafiki yake."

Belyse alikuwa nyuma ya mama yake, macho chini.

Nikamweleza mama yule ukweli wote palepale mlangoni. Hakutufukuza. Ila ile karibu hakuirudia.

Nilichojifunza ni kwamba kila jioni nilikuwa nauliza "nani amekupiga?" Lile swali lingine, "umempiga nani?", halikuwahi kunipitia akilini, kwa sababu ni mwanangu.

Mzee Idi anasema nimrudishe, atamfundisha kujizuia. Mke wangu anasema tutakuwa tunamwongezea silaha. Mimi nawasikiliza wote wawili na wote naona wako sahihi.

Na Zuhura ameniuliza kwa nini Belyse alisema wao ni marafiki.

Wenye watoto humu, nimjibu nini?