Siku Tulipojifagia Wenyewe

Wiki jana shule yetu ilipelekwa kuimba kwenye uzinduzi. Tulisimamishwa juani, sketi zimepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini, mbele ya jengo jipya lenye vioo linalolitazama ziwa. Mgeni rasmi akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, hapa palikuwa gofu. Miaka na miaka hapakuwa na mtu, walikuwa popo tu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu, ni kile cha puani, kinachotoka kabla hujakiruhusu. Mwalimu wetu wa kwaya akanifinya mkono na kuninong'oneza, "Una nini wewe?"

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ndiye popo mwenyewe."

Najua unachofikiri. Mtu wa kidato cha tatu ana kumbukumbu gani? Kumbukumbu ni za wastaafu, wenye miwani na kiti cha uvivu. Sawa. Lakini sogea hapa nikuhadithie, rafiki yangu, maana wenye vipaza sauti wameshaanza kunisimulia utoto wangu kwa niaba yangu, na wanakosea.

Pale palikuwa na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Kilikufa kabla sijazaliwa. Mashine zilibebwa, milango ikabebwa, mwisho hata madirisha yakaota miguu. Vilivyobaki ni vile visivyobebeka: kuta, nguzo za chuma, nusu ya paa, bomba refu la moshi, na sakafu. Sakafu hiyo, bwana! Zege pana kama uwanja wa mpira, laini kama sahani. Nusu yake ilikuwa chini ya paa lililobaki. Nusu nyingine ilikuwa wazi kabisa, uso kwa uso na ziwa. Hiyo tuliiita upande wa jua, na hapo ndipo bibi yangu alipoanika dagaa.

Bibi ndiye aliyenilea. Alipokuwa binti alichagua pamba humo humo ndani, nyeupe huku, chafu kule. Kiwanda kilipofungwa, yeye na wenzake walikaa nyumbani wakashika tama kwa muda, kisha wakarudi na mabeseni ya dagaa kichwani. Hawakumwomba mtu ruhusa. Sakafu waliijua, waliifagia ujana wao wote. Wakagawana kwa nguzo, kila mama na nguzo yake, na mipaka hiyo iliheshimiwa kuliko ya viwanja vyenye hati.

Uelewe kwa nini zege lilikuwa dhahabu. Ufukweni kwingine watu walianika mchangani, na dagaa wa mchangani hukwaruza meno, wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Dagaa wa jineri walikwenda mezani kwa binadamu. Sare yangu, daftari zangu, ugali wa muhogo wa jioni, vyote vilitoka upande wa jua. Ungeniuliza darasa la kwanza baba yako ni nani, ningekuonyesha sakafu.

Asubuhi ilianza kwa harufu. Mitumbwi ikishafika, akina mama walipanda kutoka majini wakichuruzika, maji ya dagaa yakiwatiririka shingoni, nao wakiimba na kutukanana kwa upendo. Waliwamwaga dagaa kwa kishindo kama cha mvua ya mawe, kisha wakawatandaza kwa mafagio ya njiti, kwa mkono mwepesi. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza ndege. Tulipewa makopo na vijiti, tukawekwa kwenye nguzo, na kila yangeyange akitua tulipiga kopo kama wendawazimu. Hakuna kazi niliyowahi kuipenda kama ile. Yaani unalipwa viazi vitamu vya kuchemsha kwa kupiga kelele! Mchana zege likishapata moto tulilala ndani ya ukingo wa kivuli, kando ya dagaa, tumbo chini, joto likipanda kupitia kaptula, na tuliamka na harufu ambayo sabuni haikuiweza. Shuleni dawati langu lilijulikana hata na paka.

Halafu kulikuwa na mvua ya ghafla, ile ya ziwani isiyopiga hodi. Mtu mmoja akipaza sauti "Mawinguuu!" basi hakuna bibi, hakuna mjukuu, hakuna aliyenuniana na mwenzake tangu juzi. Kila mwenye mikono alifagia, dagaa wa huyu na wa yule, kuwasukuma chini ya paa. Mvua ikipita walichambuliana kwa vicheko, huyu akidai dagaa wake anawajua kwa sura. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye mbao za paa, bado zilining'inia nyuzi za pamba za enzi za kiwanda. Upepo ukivuma zilidondoka taratibu, tukaziita theluji ya Mwanza, tukazikusanya, tukazishindilia kwenye soksi ya kaka wa mtu, na huo ndio ukawa mpira wetu.

Nilikuwa na miaka tisa hivi siku mwenyekiti wa mtaa alipokuja anahema. Alikuwa mtu mwema mwenye tatizo moja tu, kuogopa gari jeupe. "Akina mama," akasema, "keshokutwa tunapokea wageni wakubwa. Wanataka kupafufua hapa, pawe na majengo, barafu, umeme, ajira kwa vijana. Tafadhali, msinitie aibu."

Sasa, wewe unawajua mama zetu. Ukiwaambia mgeni anakuja, huna haja ya kuwaambia neno la pili. Dagaa wote walihamishwa, wengine wakaanikwa juu ya mabati ya nyumba zetu. Sakafu ikamwagiwa maji ya ziwa, ikasuguliwa kwa sabuni na majivu, watoto tukiteleza juu yake kwa makalio kama samaki. Makopo yetu yalifichwa, ndoo zikafichwa, hata kigoda cha bibi kikafichwa. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, aling'oa nyasi kwenye nyufa za zege kwa kijiko cha chai. Wakavaa vitenge vya kanisani, wakasimama nje ya ukuta ili wasizibe njia.

Wageni waliingia. Afisa aliyewaongoza, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aligeuka huku na huku akafungua mikono. "Aisee, safi kabisa! Eneo liko wazi, hapana mtu, hapana kitu. Hapa mwekezaji akija kesho anaanza."

Nje ya ukuta akina mama wakapiga vigelegele.

"Amesema hapana mtu?" jirani akanong'ona.

"Nyamaza wewe," bibi akamjibu, uso unang'aa. "Anasifu usafi."

Haukupita muda mrefu, tukafika asubuhi moja na mabeseni kichwani tukakuta vijana wanachimba mashimo ya nguzo za uzio, pembeni mwa upande wa jua. Mabati yamelazwa penye nguzo ya bibi. Akatumwa mtu kumwita mwenyekiti.

"Mwenyekiti, hii nini?"

"Mama, ndiyo mradi wenyewe. Walikuja wakaona eneo liko wazi."

"Nani kawaambia liko wazi?"

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Si nyinyi? Mlilisugua mkalipangusa, mkasimama nje. Mimi mwenyewe nilishangaa mlivyopotea."

Kisha jirani akaanza kucheka, kile kicheko chake, mpaka akakaa chini. "Jamani," akasema, machozi yanamtoka, "tumejifagia wenyewe!" Wengine wakacheka pia. Bibi hakucheka. Alimwaga dagaa wake palepale kati ya mabati, akaanza kutandaza.

Uzio ulisimama nusu, wakisubiri mwekezaji aje aone kwa macho yake. Mwenyekiti akarudi na ombi lilelile. "Safari hii fagieni hata kuta, mayu," akamwambia bibi, akimwita mama kwa Kisukuma ili amlainishe.

"Tutafanya, mwenyekiti," bibi akasema kwa sauti ya upole kabisa. Mimi ninayemjua, nywele zikanisimama.

Alipeleka habari kwa waanikaji wote wa mwambao ule, mpaka upande wa Butimba. Siku ya wageni mabeseni yalishuka mlimani kama msafara wa arusi. Walitandaza kutoka ukuta hadi ukuta, upande wa jua na upande wa kivuli, hadi kizingitini. Jua lilipochomoza vizuri sakafu yote iling'aa fedha. Usingepata mahali pa kuweka kidole. Na hakuna aliyevaa kitenge cha kanisani. Walivaa zile kanga zao za kazi, zilizopauka na kunata magamba, wakakaa katikati ya dagaa, kila mmoja kwenye nguzo yake.

Afisa wa viatu alisimama mlangoni. "Mama zangu, hii nini tena? Mwekezaji yuko hapa. Tupisheni tupite."

"Karibuni," bibi akasema bila kunyanyuka. "Vueni viatu. Hapa ni kwetu, na kwetu mgeni huvua viatu mlangoni."

Afisa akajaribu kuanza hotuba. Sasa hapo ndipo tuliposhika kazi sisi. Kila alipofungua mdomo, yangeyange mmoja alionekana. Pengine alikuwepo kweli, pengine hakuwepo, mimi ndege niliwaona wengi siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. "Ndugu zangu, maendeleo ni..." Kopo! "Mradi huu una..." Makopo yote! Akatutolea macho. Nikamwambia, "Samahani, mjomba, tuko kazini."

Aliyevua viatu ni mwekezaji mwenyewe, mtu mzima mwenye kitambi. Akavua na soksi, akaingia kwa ncha za vidole. Hakujua zege la saa sita. Hatua chache tu akaanza kuruka kama kuku aliyeingia jikoni, na jirani akaachia kicheko, na yule mzee, niseme haki yake, akacheka naye. Wakampa kigoda kivulini na maji ya kunywa. Akaokota dagaa mmoja akamtafuna mkavu. "Hawana mchanga," akasema.

"Kwa sababu ya hiki ulichokikanyaga," bibi akamwambia. "Sikiliza, baba. Jengeni. Leteni barafu, leteni umeme, na choo mlete, tumechoka na vichaka. Bomba la moshi chukueni, paa chukueni. Upande wa jua hatutoki."

"Na tukisema mradi unauhitaji?"

"Basi mtajenga tukiwa tumekaa."

Walibishana hadi dagaa wakageuzwa mara ya pili. Afisa alizungumzia ramani, mwekezaji aliuliza maswali, mwenyekiti alijifuta jasho, na akina mama waliendelea kukaa. Hakuna aliyepiga mtu, hakuna aliyetukana. Walikaa tu, kwa ule ukaaji wa mtu aliye nyumbani kwake. Mwishowe mwekezaji akavaa viatu, akamwambia afisa, "Sogeza uzio." Nao ukasogezwa, hadi kwenye ukingo wa kivuli.

Ndiyo maana leo jengo la vioo limesimama pale lilipo, na si hatua moja zaidi. Na nisiwe mnafiki, mambo mengine ni mazuri. Kuna chumba cha barafu, kuna bomba la maji, na choo nakisifu mbele ya watu wote. Akina mama wamewekewa vichanja vya nyavu, dagaa wanakauka huko juu, hata mgongo hauumi. Lakini paa limeondoka na pamba yake, na watoto wa sasa ukiwaambia theluji ya Mwanza wanakuona umechanganyikiwa. Bomba la moshi limeangushwa. Jirani amehamia Kiseke kwa binti yake, na kicheko kile kimekwenda naye. Makopo hayapigwi, ni marufuku, yanasumbua ofisi. Hata lile zege la ndani tulilolalia tumbo sasa limefunikwa vigae. Nimejaribu kukaa juu yake, ni baridi kama sura ya karani. Vitu hivyo sikupewa nafasi ya kuviaga, na sitavisamehe haraka. Ila mtu asiniambie vilikuwa gofu.

Bibi yuko palepale kila siku. Akishajaza kichanja chake, humwaga beseni moja la mwisho chini, kwenye zege tupu, kando ya uzio. Kanuni mpya inakataza. Nilipomuuliza anatafuta nini, alinijibu, "Nikiacha leo, kesho wataegesha gari hapo." Basi mlinzi wa jengo humwona, huja mbio na kirungu chake. Ila ni kijana aliyelelewa, hawezi kuanza na neno "ondoa". Huanza na shikamoo. Bibi huitikia marahaba, kisha humuuliza habari za nyumbani, mama yake anaendeleaje, ng'ombe wamezaa, mvua imefika kwao, yule mdogo wake aliyekuwa akikohoa amepona, na shangazi je? Kijana hujibu moja moja, kofia mkononi. Mimi nikiwa likizo hukaa pembeni yao, nawageuza dagaa taratibu. Salamu zikiisha, huwa wamekauka.