Panya wa Ng'ambo Mbili

Umande bado haujakauka, na Ut Men, mtega panya wa kisiwa cha Con Trau katikati ya mto Hau, anainua mtego wa kumi na tano. Mtupu. Anautikisa kama anayedai chenji.

“Mzee Ti leo amegoma,” ananiambia mimi niliyemfuata mitegoni. Shambani huku panya hatajwi jina, huitwa Mzee Ti, asije akasikia na kulipiza kwenye mpunga.

Hadi anamaliza kuikagua, mitego yote arobaini imempa wawili tu. Msimu mnono alikuwa akiuza kilo ishirini kwa siku. Nyama ya panya wa mpunga, ikichomwa kwa mchaichai, haikai sokoni. Msimu huo ndio uliomtenga na dada yake.

Dada, Diep, ameolewa ng'ambo ya mto. Mumewe, Khoi, naye ni mtega panya. Miaka mitatu iliyopita panya walitafuna mpunga wa ng'ambo zote mbili, na kwenye karamu ya kumkumbuka marehemu mama yao, nyumbani kwa Diep, Khoi akasema mbele ya wageni kwamba Ut Men huvusha panya majike wenye mimba kwa mtumbwi ili wazaane na biashara inoge.

“Nilikuwa na bakuli mkononi,” anasimulia. “Nikaliweka chini, nikaondoka. Sijarudi tena.”

Jibu la tuhuma hiyo alilikuta gatini, wanakouzia panya. Mwaka ule wa neema, wauzaji wa mbali, hata wa Kambodia, walifika na matenga yamejaa. Sasa wote wanakuja na matenga matupu, kwa mwezi uleule.

“Wa Kambodia nao niliwavusha mimi? Mtumbwi wangu hata bata anaulemea.”

Wauzaji walipoulizana, hadithi ikawa moja. Miaka miwili mfululizo, hadi mwaka ule wa neema, mafuriko yalikuwa haba kote; mashimo hayakujaa maji, panya wakazaana kila mahali, kila kundi kwake. Mwaka jana mto ulifurika kote, ukawazamisha kote. Hakuna panya aliyehitaji kuvushwa. Mvua ni moja, na chakula ni kimoja.

Juzi Diep alipiga simu. “Mdogo wangu, shemeji yako mitego mitupu. Anauliza kama na kwako ni hivyohivyo.”

“Anauliza yeye, au wewe?”

“Yeye. Yuko hapa, anajifanya anafunga kamba.”

“Mwambie na kwangu. Tulinona wote, tumekonda wote.”

Sasa Ut Men anataka ng'ambo zote mbili zipande wiki moja na kuvuna wiki moja, mashamba yapumzike pamoja, panya wakose pa kula. Nikamkumbusha kwamba anajikatia riziki. Akacheka. “Mpunga nao naula, kaka.”

Kesho ni karamu ya mama. Wale panya wawili wako ndooni: mmoja wa kuweka kwenye madhabahu ya marehemu, maana mama alipenda nyama yao, mwingine wa Khoi.

“Na asipomla?”

Ut Men anafunga ndoo kwa kamba.

“Nitamla mimi, mbele yake. Lakini safari hii kwenye karamu ya mama nitakuwa nimekaa, siondoki.”