Mama Mzani

Wodi nzima ya watoto wachanga humwita nesi Verediana Mama Mzani, naye huitika bila kinyongo. Mletee mtoto aliyefungwa hata uzi mkononi, atakuuliza uzi huo una uzito gani. Wakunga wapya humcheka. Waache wacheke, hawakuwapo alipoletwa mtoto wa Zaitun.

Zaitun, binti wa mtaa wa Buzebazeba, alijifungua kabla ya wakati. Siku ya pili mtoto akaacha kunyonya, mwili ukamchemka homa. Wakaja naye hospitali, yeye na mama yake, Bibi Nasma. Mvua ilikuwa inanyesha na upepo wa ziwa unaingia dirishani. Verediana alipotaka kumvua mtoto ampime, bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, usimvue. Baridi hii itammaliza."

Verediana ni mtu wa kijijini Simbo, amelelewa asibishane na mkubwa. Akampima na sweta lake na khanga zake mbili. Mzani ukasoma kilo mbili na nusu, akaandika hivyo hivyo, na dawa ya sindano ikapigiwa hesabu kwa uzito huo.

Siku ya tatu wodini, Bibi Nasma akiwa nje anafua, Verediana akampima mtoto mtupu. Kilo moja na gramu mia tisa. Akadhani mzani umeharibika. Akaweka sweta na khanga peke yake: nusu kilo na ushei.

Mtoto wa chini ya kilo mbili dozi yake ni ndogo zaidi, maana figo bado changa na dawa hukawia kutoka mwilini. Dawa ile ikizidi, huweza kumfanya mtoto kiziwi maisha yake yote. Na huyu alishachomwa sindano mbili. Verediana angeweza kuandika namba mpya akanyamaza. Watoto wachanga hupungua uzito, nani angeuliza? Nafsi ikamsuta. Akaenda kwa daktari Abdulkarimu, kisha kwa mama mtu, akasema yote waziwazi.

Daktari akaichelewesha sindano iliyofuata na kupunguza dozi. "Homa inashuka," alisema. "Habari ya masikio tutaijua baadaye."

Zaitun alilia bila kumtazama nesi. Bibi Nasma ndiye aliyesema, "Mimi ndiye niliyekukataza."

"Hapana, bibi. Kalamu nilishika mimi."

Mtoto akapona, wakarudi kwao. Verediana akabaki na lile neno la daktari: baadaye. Kila mlango ulipobamizwa wodini na vichanga wakashtuka, alimkumbuka yule mtoto wa Zaitun.

Wiki ya sita uvumilivu ukamshinda. Alipotoka kazini, badala ya kwenda kwake Gungu, alipanda bodaboda hadi Buzebazeba. Mtoto alikuwa amelala mkekani, mashavu yamejaa. Bibi Nasma alikuwa anapakua ugali na samaki wa migebuka, akasema mgeni haondoki bila kula. Verediana akainuka kumsaidia, na mfuniko wa sufuria ukamponyoka ukapiga sakafu.

Mtoto akaruka, akatupa mikono juu, akaangua kilio.

"We nesi!" Bibi Nasma akafoka. "Ndiyo nini kumshtua mjukuu wangu hivyo? Huna hata adabu!"

Verediana alisimama pale pale, machozi yanamtiririka na huku anacheka.

"Nigombeze tena, bibi," akasema. "Nigombeze tena."