Mtu Aliyenifungia Cheni Njia ya Puge

Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, si binamu yangu wala mtu aliyesimuliwa na mtu. Nalisema mapema kwa sababu mimi nikisikia mwingine anasimulia habari za namna hii, swali langu la kwanza ni: wewe ulikuwepo? Basi, mimi nilikuwepo. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, na pale mwenzangu aliposikia tofauti na nilivyoona nitaliweka na la kwake, hata kama linaniharibia kisa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini macho yangu hayakuishia darasa la nne.

Tena haikuwa usiku. Watu hudhani mambo haya yana saa zake. Lilikuwa jua la utosi, kivuli cha mtu kimejikunja chini ya nyayo.

Ni mwaka ule tulipohamia kijiji chetu kipya cha ujamaa, kando ya barabara ya Tabora kwenda Nzega. Nyumba zilikuwa bado za nyasi, zahanati bado ni matofali yanayokaushwa juani, na lori la kijiji lilikuwa limekwenda kuhamisha watu wengine. Mke wangu alikuwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza, siku ya pili sasa, na mtoto amekaa vibaya. Ningekuwa na gari ningempeleka Kitete, Tabora mjini, naomba hilo lieleweke, mimi si mtu wa kudharau hospitali. Nilichokuwa nacho ni pikipiki ya kijiji, na mwanamke wa hali ile humpakii kwenye pikipiki. Akina mama waliokuwa wanamwangalia wakatoka nje, mmoja akaniambia, "Baba, ukizubaa utawapoteza wote wawili. Kamlete mama yake."

Mama yake alikuwa mkunga, anakaa Puge, na sifa yake ilikuwa hiyohiyo ya kuwageuza watoto waliokaa vibaya tumboni.

Sasa fikiria shida yangu. Mama yake ni mkwe wangu. Kwetu Wanyamwezi, na hasa siku zile, mwanamume na mama mkwe hawatazamani. Ukimwona anakuja, unaacha njia unaingia majanini, unampa mgongo mpaka apite. Hamgusani. Jina lako halitamki. Mtu wa namna hiyo unampakia vipi nyuma yako kwenye pikipiki moja?

Shemeji zangu wa Puge ndio waliotatua. Walifunga gunia la pumba katikati ya kiti, na mama mkwe akakaa nyuma ya gunia ameelekea kule tutokako, amejifunika khanga mpaka puani, mfano wa mzigo wa kuni. Tukaondoka hivyo, mimi naona mbele, yeye anaona nyuma. Watoto wa Puge walitukimbiza kwa vigelegele.

Baada ya mwendo kidogo nikasikia sauti:

"Wewe gunia, mwambie huyo anayekuendesha kwamba mgongo wangu ni wa mtu."

"Gunia," nikajibu, "mwambie mama anisamehe, mashimo ni mengi kuliko barabara."

"Gunia, mwambie mashimo hayakuanza leo."

Nadhani alicheka. Siwezi kuapa, upepo ulikuwa mkali.

Tulipofika kama nusu ya njia, porini, mahali ambapo barabara inakatana na njia ya zamani ya misafara, ile ya wapagazi wa kabla ya reli, nikasikia mlio wa chuma na pikipiki ikawa haivuti tena. Cheni ilikuwa imelala mchangani nyuma yetu kama nyoka aliyegongwa. Mama mkwe akashuka, akaenda kukaa nyuma ya kichuguu, mgongo kwangu, kama adabu inavyotaka. Nikarudi nyuma naikagua barabara. Kiungo kilichofunguka nilikipata. Kile kibanio chake kidogo, kisichozidi punje ya mchele, sikukipata. Bila hicho cheni haikai. Nilitafuta kwa magoti, nilichekecha vumbi kwa vidole. Sikuwa na waya, sikuwa na hata msumari. Nilimfikiria mke wangu amelala kwenye ile nyumba ya nyasi, akina mama wanatazamana. Nililia? Nililia kidogo.

Nilipoinua uso, mtu alikuwa amesimama karibu na pikipiki.

Hakunishtua, na nitakueleza kwa nini. Miezi ile barabara zote zilikuwa zimejaa watu wanaohama, huyu na vyungu, huyu na mlango wa nyumba yake kichwani. Kwa hiyo mtu mrefu, mwembamba, amejifunga kaniki kiunoni, miguu mitupu, begani ana kitu kirefu kimeviringishwa kwenye mkeka, nilimhesabu kuwa mmoja wa hao. Bega lake lilikuwa na nundu kama ya ng'ombe. Hata hilo nililiona nikalipita. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia marahaba, alicheka tu.

"Punda wako amelala?" akaniuliza, kwa Kinyamwezi cha kizamani, kama cha bibi yangu.

"Amekatika cheni."

"Mchape."

"Huyu hachapwi, mzee. Huyu hunyweshwa petroli."

"Kumbe mlevi! Ndiyo maana amelala."

Nilicheka, Mungu ananiona, katika shida yote ile nilicheka. Kisha nikamwambia kwamba mke wangu ana uchungu, na nimembeba mkunga, na kwamba tusipofika mapema nitakuta maiti. Akaacha utani papo hapo.

"Basi tufunge," akasema.

Akachuchumaa, mzigo ukiwa begani vilevile. Mkononi alikuwa na waya wa njano umezungushwa mara nyingi kama bangili, akaufungua kipande. Mimi nikaunganisha cheni, nikaiweka kwenye meno ya gurudumu, yeye akapitisha waya kwenye kiungo na kuukaza kwa vidole. Kwa vidole, niamini, maana koleo la pikipiki nililompa alilikataa. Nilimwuliza mbona hatui mzigo.

"Nikiutua sitaweza kuupandisha tena."

"Na wenzako wako wapi?"

"Si hawa hapa."

Nikatazama. Miti tu, na jua. Nilidhani ana maana wako karibu. Wewe ungedhani nini?

Kazi ilipokwisha nikazungusha gurudumu, cheni ikazunguka. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Naye akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Sasa nipokee kidogo. Bega limekufa. Mpaka pale kwenye mti ule."

Mti wenyewe ulikuwa hatua chache. Na kwetu ukimkuta mtu ana mzigo unampokea, hata humjui, sembuse mtu aliyekuokoa. Ningekataa kwa uso gani? "Lete, nikupokee mzigo," nikamwambia, nikainama nikaweka bega.

Hapa ndipo nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hata mimi nikijisimulia naona aibu. Mzigo uliponigusa, kabla haujakaa sawasawa, nilihisi baridi, baridi ya asubuhi ya kipupwe, katika jua lile. Sikuona kitu cha ajabu. Miti ilikuwa miti. Ila ghafla nilijua kituo kinachofuata kinaitwaje, na kinachofuata hicho, na maji yako wapi, na nani ataugua kabla hatujafika. Nilijua yote hayo, na sikujua mke wangu anaitwa nani. Nikajitahidi kukumbuka kama nina mke. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kupiga hatua.

Nikasikia jina langu.

Si gunia lililoitwa. Ni mimi, jina langu kamili na la baba yangu, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima inayokata pori zima. Mama mkwe alikuwa anakuja mbio, khanga ameivuta yote usoni ili asinitazame, anajikwaa, mkono mmoja mbele anapapasa hewa. Ukanipata kwenye kifundo cha mkono. Akanikamata kama anavyokamata mtoto anayekataa kutoka.

"Mwache!" akapiga kelele, na sijui alikuwa amemwelekea nani. "Kama wewe ni mtu, uweke chini! Uweke chini kwanza, ndipo upokewe!"

Uzito ukaondoka begani. Yule mtu alikuwa bado amesimama, mzigo umerudi kwake. Naomba nisimsingizie: hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji na anaelewa kwamba mtungi una wenyewe. Akauliza, "Bado mbali?" Akageuka, akaingia ile njia ya zamani, na baada ya miti mitatu minne sikumwona tena. Hakutoweka kama moshi, sitaki kusema uongo. Alikwenda, nami nikaacha kumwona.

"Mkeo anaitwa nani?" mama mkwe akaniuliza ndani ya khanga, bado amenishika.

Nikalitaja jina. Lilitoka kama pumzi ya mtu aliyekuwa chini ya maji.

"Haya, washa hilo dude."

Safari hii alilitupa gunia kichakani, akakaa ameelekea mbele, akanishika kiunoni kwa mikono miwili. Kila tulipopita shimo alinibana mbavu. Waya ulishika mpaka mlangoni kwetu. Aliingia ndani bila kunawa vumbi la uso. Jua lilikuwa halijatua nikasikia kilio cha mtoto, kisha nikasikia mke wangu anamgombeza mama yake kwa kumwumiza, na sauti yake ilikuwa na nguvu. Nikakaa chini mlangoni. Niliogopa miguu isije ikanikimbia kwa furaha.

Alikuwa binti. Mama na mtoto wote wazima.

Aliyosikia mama mkwe ni haya, na yanatofautiana na yangu. Mimi nilimwona mtu mmoja. Yeye nyuma ya kichuguu, amenipa mgongo, alisikia miguu ya watu wengi inakuja katika msururu, njuga moja ikilia mbele, watu wakikohoa, kisha wote wakasimama. Anasema walisimama muda wote nilipokuwa natengeneza, wanapumua tu. Niliposema naupokea mzigo akasikia msururu wote unaanza kutembea tena. Hapo ndipo akainuka. Sauti ya mtu akiongea nami hakuisikia hata mara moja. Alinisikia mimi tu, naongea na kucheka peke yangu.

Nani kati yetu yuko sahihi? Sijui. Nilikuwa sijalala siku mbili, sijala, na jua lilikuwa kali, nayaweka haya mbele yako uyapime. Vipande vya ule waya nilimpelekea fundi mmoja wa baiskeli pale Cheyo, Tabora mjini. Akavipinda kwa kidole, akasema ni shaba laini tu ya kupambia, haiwezi kushika cheni ya pikipiki hata kutoka pale mpaka sokoni. Lakini fundi naye hakuwepo.

Kwa kuwa mama mkwe alinigusa na kunitaja jina, ukoo ulikaa, tukatoa kuku na jembe, mwiko ukaondolewa. Wazee wa Puge walitaka kumlaumu, akawauliza kama wangependa binti yao awe mjane aliyezikwa pamoja na mtoto. Tangu hapo ananisema uso kwa uso, na ananisema sana. Hajapata kuniudhi. Kila akifungua mdomo kuniita, hata akiwa ananigombeza kwa paa linalovuja, mwili wangu wote unalegea kwa raha.

Kimoja hakijaondoka. Jina la kile kituo kinachofuata bado ninalo. Nimewauliza watu wa barabarani majina ya mahali pote upande ule, hakuna anayelitaja. Sijalitamka kwa mtu, na hapa pia silitamki.

Na wewe unayepita njia hizo, kwa miguu au kwa chombo, sikwambii uwe na roho mbaya. Kikiharibika chombo, akaja mtu kukusaidia, pokea msaada na umshukuru. Akikuomba umpokee mzigo, mpokee, huo ni utu. Lakini mwambie autue chini kwanza. Mtu kama sisi atautua, tena atafurahi. Akishindwa, mpe pole ya safari, usimtukane, usimkimbie, maana huenda hana kosa ila uchovu. Kisha washa chombo chako uende kwa watu wako, ungali unakumbuka majina yao.