Tania Achagua Kuwa Lazaro

Gaudiose hakuwa mtu wa uongo. Ushonaji alijifunza kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, baada ya kukimbia Rumonge, Burundi, akiwa binti, na miaka kumi na minne sasa alikuwa akishona Johannesburg, kwenye chumba kidogo karibu na stendi ya teksi za Randburg. Wateja walimpendea ukweli wake. Kitambaa kisipofaa alikwambia hakifai. Kiuno chako kikiongezeka alikwambia kimeongezeka, kisha akacheka nawe. Ndiyo maana uongo mmoja aliousema mwaka ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mume wake, Alexis, alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba za matajiri. Asubuhi moja mwishoni mwa Juni, baridi ikiwa imeweka barafu kwenye majani, mwenzake alikuja kumpokea zamu akamkuta ameketi kitini, blanketi mapajani, redio ikiendelea kuzungumza. Moyo ulikuwa umesimama.

Shule zilikuwa zimefungwa. Binti yao wa pekee, Tania, mwenye miaka saba, alipelekwa kwa Mama Mamie, msusi Mkongomani waliyesali naye kanisa moja. Alikaa huko wiki nzima. Aliporudi, baba yake alikuwa ameshazikwa.

"Papa yuko wapi?" akauliza hata kabla ya kuvua viatu.

Gaudiose alikuwa ameyapanga maneno tangu makaburini. Lakini kinywa kikatoa mengine. "Ameenda Burundi. Bibi anaumwa."

Alijiambia atasema ukweli kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, Julai ikapita, Agosti ikapita na upepo wake wa vumbi. Kanisa zima likawa linabeba siri ile pamoja naye. Pasta Elisée alimwita kando mara mbili.

"Mama Tania, mtoto ni mdogo, lakini si kipofu."

"Nipe muda kidogo, Pasta."

Tania naye hakuuliza tena. Gaudiose akaona ni neema.

Oktoba ilipofika, watoto wa Mama Mamie walianza kuwasumbua wazazi wao: majirani wote wanafanya Halowini, wanavaa mavazi ya kutisha na kupewa pipi, kwa nini sisi hatufanyi? Mzee wa kanisa, Mzee Libère, akasema kanisani kwamba hatakaa aone watoto waliobatizwa wamevaa mafuvu. Wakavutana Jumapili mbili. Mwishowe Ruphin, mume wa Mamie, akatoa uwanja wa nyumba yake: sherehe ifanyike kwao Jumamosi mchana, pipi ziwepo, maandazi yawepo, ila kila mtoto avae kama mtu wa kwenye Biblia na aseme yeye ni nani. Mzee Libère akaguna, akakubali.

Mavazi yakamwangukia Gaudiose. Alishona makanzu ya wafalme, akashona mbawa za malaika kwa mapazia ya zamani. Akamuuliza binti yake, "Na wewe? Nikushonee Esta? Esta ana taji."

"Lazaro," Tania akasema.

"Lazaro ni mwanaume, mwanangu. Chukua dada yake, Martha."

"Martha alikuwa jikoni tu." Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake; Kiswahili alikisikia chote, lakini hakukizungumza ila akibanwa. "Nataka Lazaro."

Gaudiose akachana shuka jeupe vipande virefu, akavishonea juu ya gauni la kulalia ili visidondoke. Wakati wa kupima, mtoto alisimama wima, hatikisiki, tofauti na wenzake waliorukaruka.

"Mama, usibane miguuni," akasema. "Lazima niweze kutembea."

Jumamosi uwanja wa Ruphin ulijaa. Mijakaranda ya barabarani ilikuwa imechanua, na maua yake yalikuwa yamemwagika mpaka kwenye meza ya maandazi. Mfalme Daudi alikuwa akimfukuza Nuhu kuzunguka gari. Mzee Libère alipomwona Tania amefungwa vitambaa mpaka kidevuni, akaweka kikombe chini.

"Eish! Tulisema hakuna maiti hapa."

"Si maiti," Tania akamjibu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Yeye alitoka."

Watu wakacheka. Gaudiose naye akacheka, akaendelea kumimina juisi.

Watoto wakapanda mmoja mmoja kwenye kibaraza. Esta akasema yeye ni Esta. Daudi akasahau jina la Goliati, akapigiwa makofi hivyo hivyo. Zamu ya Tania ilipofika alishika ukuta kwa mkono mmoja, akamtazama Pasta Elisée moja kwa moja.

"Mimi ni Lazaro. Nilikufa siku nne, halafu nikaitwa, nikatoka kaburini." Akauachia ukuta. "Pasta, Papa amekufa tangu Juni. Ni siku nyingi sana? Au mnaweza kumwita kwa sauti kubwa zaidi?"

Mama Mamie alifunika mdomo kwa kiganja. Jagi likamponyoka Gaudiose, juisi ikamwagikia viatu vyake, naye alikuwa ameshafika kibarazani. Akamnyanyua mtoto na vitambaa vyake, akaingia naye jikoni, akafunga mlango.

Akamketisha juu ya meza.

"Nani alikwambia?"

"Mama Mamie alikuwa anaongea na simu. Nikiwa kwake. Alisema jeneza."

"Tangu siku zile? Kwa nini hukuniambia?"

Tania alikuwa akivuta uzi kwenye mkono wake. "Ulisema Burundi. Nikaona unataka iwe Burundi." Kisha akaongeza, "Ukitaka kulia unaendesha cherehani haina uzi. Mimi nasikia. Sikutaka uendeshe zaidi."

Gaudiose alipiga magoti kwenye sakafu ya Mama Mamie. Miezi minne alidhani anamlinda mtoto, kumbe mtoto wa miaka saba ndiye aliyekuwa akimlinda yeye, peke yake, bila mtu wa kumshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikudanganya. Papa alikufa. Tulimzika bila wewe, na halikuwa jambo jema."

"Na hatatoka?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Angeweza kusema habari za mbinguni, za parapanda, za siku ya mwisho. Aliyaamini hayo. Lakini aliyaona macho ya binti yake, akajua anaulizwa habari ya wiki ijayo.

"Hapana. Hatatoka."

Tania akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilijua. Halafu uso ukamkunjamana, akalia. Alilia kilio cha Juni na cha miezi yote iliyofuata, mama akimfungua vitambaa kimoja kimoja ili apate kupumua, na mama mwenyewe akilia waziwazi. Nje, mtu aliwaanzishia watoto wimbo.

Jumamosi iliyofuata walipanda teksi, wakabadili nyingine, mpaka makaburini. Kaburi la Alexis halikuwa na jiwe bado, kibati cha namba tu, na majani yalikuwa yameanza kuota. Tania, aliyekwisha kuelezwa jinsi baba yake alivyokutwa kitini, aliketi chini akauliza maswali yake. Papa alivikwa nini? Suti ya kijivu, ile ya harusi. Nani alimbeba? Baba Ruphin na walinzi wenzake watano. Alisikia baridi siku ile kwenye kiti? Aliniita?

Gaudiose alijibu aliyoyajua. Kwa yale mawili ya mwisho alisema, "Sijui, mwanangu. Hata mimi najiuliza." Wakakaa hapo mpaka mawingu ya mvua yakakusanyika upande wa kusini, kisha wakashikana mikono wakaenda kutafuta teksi.